Ukuta wa Nyuma wa Mama Stella

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Mama Stella ulianguka saa nane mchana, mwezi wa pili, mvua ikiwa imeshapungua. Nasema imeshapungua kwa sababu hapa Kitangari wako watu wanaosimulia kwamba uliangushwa na dhoruba. Hapakuwa na dhoruba. Mimi nilikuwa uani kwangu nahamisha ndoo za maji ya mvua, nikasikia kishindo kizito, halafu kimya, halafu sauti ya Mama Stella ikimwita mama yake.

Kati ya ua wangu na wake pana safu ya minyaa tu. Nilipita hapohapo, kanga ikabaki kwenye miti. Sehemu ya chini ya ukuta ilikuwa imeteleza kwenda nje, ya juu imelala ndani, juu ya kitanda alichokuwa amelalia mama yake huyo, Bibi Sikudhani. Tulitoa matofali kwa mikono. Bibi alikuwa hai, amekunja uso. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko. Hospitali walimfunga hogo la plasta, na lilipofunguliwa baada ya wiki nyingi mkono haukunyooka. Mtu wa miaka sabini na sita mfupa wake haurudi kirahisi. Mpaka leo hawezi kujifunga kanga mwenyewe, na kila asubuhi binti yake anapomfunga, namsikia Mama Stella anavyovuta pumzi kwa hasira, kana kwamba ajali imetokea jana.

Mama Stella jina lake ni Dominika. Ana miaka hamsini na mbili, mjane, mpishi wa shule ya msingi. Nyumba ile waliijenga yeye na marehemu mumewe, Gerson, kwa matofali mabichi waliyofyatua wenyewe, wakaezeka bati. Mimi wananiita Mama Safari, nakaanga maandazi, na nimekuwa jirani yake tangu Gerson akiwa hai. Kwa hiyo hili ninalosimulia sikuambiwa. Sehemu kubwa niliibeba kichwani, kwa karai.

Miaka miwili kabla ya ajali kulitokea ufa kwenye kona ya ukuta ule. Ulianza kama uzi, ukafika upana wa kidole. Wakati huohuo wageni wa posa ya Stella walikuwa wanakuja kutoka Lukuledi, na Mama Stella hakutaka waione nyumba imepasuka. Akaitwa fundi Awadhi. Awadhi ni fundi anayejulikana, nusu ya nyumba za kijiji amezishika yeye. Alifanya kazi siku mbili, akaziba ufa, akapiga lipu ukuta mzima, akamalizia na chokaa. Wageni walikuja, wakala, wakasifu. Stella akaolewa. Ukuta ulikuwa mweupe kuliko kuta zote za mtaa huu.

Baada ya ajali alikuja ndugu yake wa kiume, Anthony, kutoka Masasi. Ni mdogo kwa Mama Stella kwa miaka minne, lakini kwa ukoo wao yeye ndiye mjomba wa watoto, na neno lake ni zito. Alizunguka nyumba mara moja, mikono mgongoni, akasema palepale uani mbele yetu sote.

"Bati zitolewe kabla hazijaibwa. Mama nitamchukua Masasi. Dada, wewe utakwenda Lukuledi kwa Stella."

Mama Stella alikuwa anakung'uta udongo kwenye godoro la mama yake. Hakuacha kukung'uta.

"Nyumba hii ina kuta nne," alisema. "Ulioanguka ni mmoja."

"Nani atakujengea?"

"Sijasema nani atanijengea."

"Dada, mambo ya nyumba yanataka mwanaume wa kuyasimamia. Shemeji hayupo."

"Najua kwamba hayupo. Nilimzika."

Anthony aliondoka jioni hiyo bila mama yake, kwa sababu Bibi Sikudhani alikataa kupanda gari. Tulisimamisha nguzo kushikilia paa, tukafunga turubai pale palipokuwa na ukuta, na kitanda cha Bibi kikahamia sebuleni. Hivyo ndivyo walivyokaa mpaka mvua zikaisha.

Mwezi wa tano, siku ya Jumamosi, Mama Stella alichukua jembe na sepeto akaanza kusafisha kifusi. Aliniambia anataka kuona ukuta umekosa nini mpaka uanguke, wakati ule wa upande wa pili, wenye umri uleule, umesimama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo namwambia apumzike. Alifika chini ya udongo, kwenye kona ileile ya ufa, akapiga jembe mara mbili, akasimama. Akainama, akavuta kitu.

Ulikuwa mfuko wa saruji. Mfuko mtupu, umekunjwakunjwa na kusindikwa kwenye shimo chini ya tofali la kwanza, ukafunikwa kwa udongo, na juu yake ikapigwa lipu. Maji ya bati yalikuwa yanaanguka pale kila masika, yamekula udongo mpaka kona ikabaki inaning'inia hewani. Awadhi alilikuta shimo hilo. Akaliziba kwa karatasi.

Nimemfahamu Mama Stella kwa muda mrefu na nimemwona akigombana na watu. Siku ile hakupiga kelele. Aliuweka ule mfuko kwenye karai, akajitwisha na udongo wake, akatoka. Nikamfuata, kwa sababu niliogopa.

Awadhi alikuwa anajenga fremu za maduka barabara ya sokoni, yuko juu ya jukwaa. Alipotuona alishuka kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Stella."

Mama Stella hakuitikia. Watu walioelewa waligeuka kutazama, maana hapa kwetu mtu anaweza kukunyima chumvi akabaki jirani, lakini kunyimwa marahaba ni jambo jingine. Alitua karai mbele ya miguu yake.

"Hiki ni nini?"

Awadhi alitazama, na nikaona kwamba ameutambua.

"Mama Stella, uliniita kuziba ufa. Nikaziba ufa."

"Shimo uliliona?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungedhani najitafutia kazi kubwa. Wote ndivyo mnavyosema. Na wewe mwenyewe uliniambia wageni wanakuja Jumapili, ulitaka ukuta uwe mweupe."

Hapo ndipo nilipoona hasira ya Mama Stella ikibadilika, kwa sababu alichosema Awadhi kilikuwa kweli. Nilikuwepo siku ile. Alimwambia, fanya haraka, nataka upendeze.

"Mama yangu alikuwa analala nyuma ya ukuta huo," alisema, sauti imeshuka. "Ulimkuta amelala pale. Ulimwamkia."

Mama Stella alilichukua karai, akaacha udongo na mfuko palepale kwenye mchanga wake wa kujengea, tukaondoka. Njiani aliniambia neno moja tu, "Hakuna fundi atakayegusa nyumba yangu tena." Nilidhani ni hasira za siku moja.

Jumatatu iliyofuata alinieleza mpango wake. Msingi utakuwa wa mawe, ukuta wa matofali ya kuchoma. Matofali alikuwa nayo, Gerson aliyachoma kwa ajili ya jiko la nje ambalo halikujengwa. Tatizo lilikuwa mawe, maana huku juu kwetu ni udongo mwekundu na mchanga, jiwe la msingi hulioni. Lakini Masasi wana milima ya mawe, na kwa Anthony kulikuwa na rundo lililobaki alipojenga uzio wake.

Tulikwenda wawili. Anthony alitukaribisha vizuri, mkewe akaleta chai. Mama Stella hakuigusa.

"Nataka yale mawe."

"Ya nini?"

"Msingi."

Anthony alicheka, si kwa ubaya nadhani, lakini alicheka. "Dada, utajenga wewe?"

"Wewe hukutaka kunijengea. Mawe umeyaacha yaote majani. Nipe."

"Nikikupa mawe, watu watasema nimemwacha dada yangu abebe mawe kama kibarua."

"Basi yabebe wewe."

Hakuyabeba. Dereva mmoja wa lori la mahindi, aliyekuwa anapanda Newala akiwa na nafasi nyuma, alikubali kutupitisha Kitangari. Tulipakia sisi wawili, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, jiwe moja baada ya jingine, na Anthony amesimama kibarazani.

"Dada, watu wanaona," alisema.

"Waone," alisema Mama Stella, akainua jingine.

Kwa yule ambaye hajawahi kujenga, nimweleze kwamba kubomoa ni kazi zaidi ya kujenga, na kuchimba ni zaidi ya kubomoa. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo alikuwa na mwezi mmoja. Alichimba mtaro wa msingi mpaka magotini, akaanzia kona ya choo kwenda kona ya jiko. Akapanga mawe, makubwa chini, madogo kwenye mianya, na kati yake saruji na mchanga. Hakuwa na mwalimu. Alikuwa ameshinda siku nne karibu na nyumba moja ya mwalimu inayojengwa, anajifanya anasubiri mtu, anaangalia mafundi wanavyovuta uzi, wanavyoning'iniza timazi kuona kama ukuta umenyooka, wanavyochanganya saruji. Timazi lake alilitengeneza kwa nati kubwa ya baiskeli na kamba ya kuanikia nguo.

Msingi ulikaa vizuri. Ukuta ndio ulimshinda. Alipandisha mistari mitano ya matofali kwa siku tatu, nami nilikuwa nampa matofali, na kwa macho yetu ulinyooka. Siku ya nne aliweka kiganja juu ya mstari wa mwisho ili auvutie uzi, na tofali likabanduka mkononi mwake kama kifuniko cha sufuria. Akajaribu la pili. La pili nalo. Saruji yote ilikuwa imekauka ikawa unga.

Alisimama pale muda mrefu. Halafu akashika nyundo akaubomoa wote, mistari mitano, na alipomaliza alirusha nyundo mpaka kwenye minyaa yangu. Nilikwenda kuitafuta. Nilipoirudisha alikuwa amekaa chini, mikono imechunwa na saruji, anamlaani Awadhi, anamlaani Anthony, anamlaani na Gerson kwa kufa, halafu akajilaani mwenyewe kwa ile Jumapili ya wageni. Bibi Sikudhani alikuwa mlangoni anasikia yote. Alisema kwa Kimakonde kwamba tofali lililochomwa lina kiu kama mtu, ukilipa saruji kabla ya maji litakunywa maji ya saruji. Yeye na marehemu mumewe waliwahi kuchoma matofali ya misheni.

"Mama, siku zote hizi ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa umekasirika."

Kuloweka matofali, kiangazi, hapa Kitangari. Maji tunayapanga foleni kwa ndoo. Watu walipomwona anatumbukiza matofali kwenye pipa walisema amechanganyikiwa. Lakini hayakuwa maji ya kunywa. Tulikusanya maji ya kusuuzia nguo, kwake na kwangu, na ya nyumba mbili nyingine ambazo nilizibembeleza kwa maandazi. Mistari mitano ikarudi, na safari hii alipoweka kiganja hakuna kilichotikisika. Akaipiga teke. Haikutikisika.

Ukuta ulipofika kifuani, Awadhi alikuja. Alisimama nje ya uwanja, hakuamkia, nadhani alikumbuka.

"Mama Stella, nimeleta mwiko wangu. Nitamalizia bila malipo. Kona ile imeanza kulala."

Mama Stella alishuka kwenye debe alilokuwa amesimamia, akaning'iniza nati yake kwenye kona. Kweli ilikuwa imelala, kama upana wa kidole gumba. Niliona inamuuma kwamba ni Awadhi aliyeiona.

"Nitaitoa mistari miwili niirudie," alisema. "Mwiko wako uchukue. Ukitaka kunisaidia, nitajie nyumba ulizoziba kama yangu."

Awadhi akatazama chini.

"Ngapi?"

"Tatu. Labda nne."

"Za nani?"

Akazitaja. Mbili ni za watu wa mtaa wa msikiti, moja ya Mzee Majaliwa, karibu na kisima cha zamani. Ya nne hakuwa na uhakika nayo.

"Nenda kawaambie kabla ya mvua. Usiwaambie nimekutuma. Waambie ulichofanya."

"Mama Stella, nikisema hivyo nani atanipa kazi?"

"Mama yangu hawezi kujifunga kanga," alisema, akapanda tena juu ya debe.

Mwezi wa tisa ukuta ulifika kwenye bati. Lakini alisema kazi haijaisha, kwa sababu ukuta wa kwanza haukuuawa na udhaifu wake, uliuawa na maji, na maji hayajaambiwa pa kwenda. Alichukua bati mbili zilizochakaa, akazipinda juu ya gogo kwa nyundo zikawa gata, akalifunga chini ya paa kwa waya, mteremko kuelekea pipa. Ardhi yote ya nyuma aliikwangua upya ili iinamie mbali na nyumba. Ule udongo wa ukuta ulioanguka hakuutupa. Aliusaga, akauchanganya na samadi ya mbuzi wangu, akatengeneza matuta ya matembele na mchicha, na pembeni yake mchaichai, maana mizizi yake inashika udongo usiondoke. Chini kabisa alichimba shimo pana, akapanda migomba mitatu, na maji yatakayofurika kwenye pipa akayachimbia mfereji mpaka humo. Walimu wa shuleni kwake waliopita waliuliza kama anafungua bustani. Aliwajibu kwamba anafungua mfereji.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Nilimwona kupitia minyaa, amesimama nje, hana mwavuli, anaangalia maji. Yalitembea kwenye gata, yakaingia kwenye pipa, vizuri. Halafu kiungo cha katikati kikaachia, na maji yote yakaanza kumwagika palepale kwenye kona mpya. Alipiga ukelele mmoja. Alikokota meza, akapanda, akafunga kile kiungo kwa mpira wa tairi la baiskeli, mvua inampiga usoni, na muda wote midomo yake inakwenda. Sikusikia alichokuwa anasema na sikutaka kusikia. Alipomaliza maji yalirudi njiani. Pipa likajaa, mfereji ukapokea, shimo la migomba likawa bwawa. Maji ya bati hayakufika tena kwenye kona.

Bibi Sikudhani alirudi kwenye chumba chake wiki hiyo.

Krismasi Anthony alikuja na familia na wageni wawili kutoka Masasi. Mama Stella alipika. Nami nilikuwepo, nilileta maandazi. Baada ya misa watu walikaa nyuma ya nyumba, kwa sababu sasa ndiko kulikopendeza, na mmoja wa wale wageni akausifu ukuta. Anthony akasema, "Ndiyo, tuliona familia isimame pamoja. Tukaweka msingi wa mawe kabisa."

Mama Stella alikuwa amebeba sufuria ya wali. Aliitua chini.

"Nani aliweka?"

"Dada, nasema kwa ujumla."

"Usiseme kwa ujumla. Sema jina."

Watu wakatazama sahani zao. Anthony akaanza kueleza kwamba ukoo ni kitu kimoja, na mama yao akamkatiza. Bibi Sikudhani husema polepole na kila mtu husubiri.

"Anthony, wewe ulitoa mawe. Tena mawe uliyokuwa huyataki. Sema mawe."

Anthony akasema, "Nilitoa mawe." Wali ukapakuliwa. Alikula, lakini aliondoka mapema kuliko alivyopanga, na dada yake hakumsindikiza hadi barabarani.

Awadhi alikwenda kwenye nyumba mbili kati ya zile alizozitaja. Kwa Mzee Majaliwa hakwenda. Mama Stella alipopata habari hiyo, katikati ya Januari, alikwenda mwenyewe na jembe begani, nami nikamfuata. Mzee Majaliwa ni mtu wa adabu, hakuelewa kwa nini mpishi wa shule amekuja kuchimba ukutani kwake.

"Shikamoo, Mzee. Naomba uniruhusu nichimbe hapa kwenye kona. Kama hakuna kitu nitafukia na kukuomba radhi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini ukuta huu fundi aliutengeneza, angalia ulivyo safi."

"Naomba nichimbe, Mzee."

Aliruhusu. Hakuchimba sana. Safari hii haukuwa mfuko wa saruji, yalikuwa maganda ya mahindi na kipande cha gunia, yameoza, na shimo lililoweza kumeza mkono mpaka begani. Ndani, upande wa pili wa ukuta, walikuwa wanalala wajukuu wawili.

Nilitumwa kumwita Awadhi. Alikuja. Sijui kama alikuja kwa aibu au kwa sababu nilimwambia kwamba asipokuja, Mama Stella atakwenda nyumba hadi nyumba na lile jembe. Alipofika alilikuta shimo limefunguka, Mzee Majaliwa amekaa kwenye kiti akilitazama, na Mama Stella anasimamisha nguzo ya kwanza kushikilia paa.

"Shika hapo," alimwambia.

Walifanya kazi siku tatu, wao wawili, wakitoa kona ya zamani na kuweka mawe na matofali ya kuchoma yaliyobaki kwa Mama Stella. Hawakuzungumza zaidi ya leta, shika, sogeza. Siku ya tatu, jua likiwa linapanda, Awadhi alimwamkia tena. Mama Stella alikuwa anachanganya saruji. Badala ya marahaba alimwambia ayaongezee matofali maji, maana bado yana kiu.